Msimmalizie Virgil mistari yake

Wadogo zangu, nimesoma rasimu zenu za tafsiri ya kitabu cha tatu cha Aeneis, shairi refu la Kilatini la Virgil kuhusu Aeneas aliyeukimbia mji wa Troya ulipoteketezwa na Wagiriki, na kabla sijafika nusu nilikwisha kutambua kwamba ugonjwa ni ule ule uliotusumbua sisi tuliowatangulia. Nawaandikia kwa mapenzi, ingawa subira imenipungukia.

1. Majina. Virgil huwaita Wagiriki Danai, Argivi, Pelasgi na Achivi, kwa kadiri mizani inavyomruhusu. Chagueni jina moja, kwani mwenzenu aliyeyahifadhi yote amenifanya nidhani kwamba Troya ilizingirwa na majeshi manne.

2. Vina. Mistari ya Kilatini, inayokaribia 9,900 katika vitabu 12, haina vina, ilhali utenzi hauendi bila kina cha bahari, kile kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Anayechagua utenzi ajue kwamba kila ubeti utamdai kitu ambacho mshairi hakukisema, na deni hilo ndilo linalotufikisha kwenye jambo la tatu.

3. Nusu mistari. Virgil alifariki Brundisium mwaka 19 KK akiwa hajalikamilisha shairi, na mistari zaidi ya 50 ikabaki imekatika. Rafiki zake Varius na Tucca, waliokabidhiwa kulitoa kwa wasomaji kwa amri ya Kaisari Augustus, waliiacha hivyo hivyo. Mimi, katika tafsiri yangu, niliijaza. Katika kitabu hicho cha tatu Andromache, mjane wa Hector, anakutana na Aeneas huko Buthrotum na kumuuliza habari za mwanawe Ascanius, kama yu hai bado na anavuta pumzi. Kisha anaanza, “ambaye kwako sasa Troya”, na maneno yanakatika hapo hapo, hata maana haijatimia. Mstari unaofuata unauliza iwapo mtoto bado anamkumbuka mama aliyempoteza. Mimi niliyekuwa nikitafuta kina nikaandika kwamba Creusa, mke wa Aeneas, alimzaa mtoto huyo Troya ilipokuwa ikiungua, nikausoma ubeti huo mbele ya watu, nao wakanipigia makofi. Makofi yalipokoma, mwalimu mmoja mzee akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, mtoto huyu alizaliwa usiku wa moto, na usiku huo huo akatoka mjini kwa miguu yake?” Kitabu cha pili, nilichokuwa nimekitafsiri kwa mkono wangu mwenyewe, kinamwonyesha Ascanius ameshika mkono wa baba yake, akimfuata kwa hatua fupi zisizolingana na zake. Sikuwa na jibu. Lililonichoma zaidi ni kwamba anayeuliza ni mama aliyefiwa na Astyanax, mtoto wa rika lile lile, nami nimemtia kinywani porojo za uzazi. Iwe ni mauti yaliyomkatiza mshairi au ni kite cha Andromache, pengo lile halikuwa langu. Anayetaka kuongeza na aongeze kwa jina lake mwenyewe, kama mshairi Maffeo Vegio aliyetunga kitabu kizima cha 13 mwaka 1428.

4. Someni rasimu kwa sauti kabla ya kumpa mtu mwingine.

5. Msigeuze kila kitenzi cha wakati uliopo kuwa cha -ka-. Virgil hubadili nyakati kwa makusudi.

Rasimu nimezirudisha zikiwa na wino mwekundu kwenye kila nusu mstari uliojazwa. Zisahihisheni kabla ya kuanza kitabu cha nne, maana humo jibu la Aeneas kwa Dido, malkia wa Karthago anayemwacha, linaishia katikati ya mstari, kwamba haifuati Italia kwa hiari yake, na namjua mmoja wenu ambaye ameshaanza kulitafutia kina.