Lami ipo hadi mlangoni, basi ndo hamna

Dogo, nimesikiliza voisi yako yote, dakika sita, kwamba unataka uje usome huku India kama mimi. Eti wakala kakwambia chuo kipo "mjini Gujarat", na hapo Urambo washaanza kusema mi naishi maisha ya Mumbai. Gujarat ni jimbo bhana, siyo mji! Na ile picha mnayorushiana kila siku, ya maghorofa, nilipiga mji wa Rajkot siku moja tu tulipoenda kutembea. Kosa langu hilo, ningesema toka mwanzo, ila niliona aibu, mama alishauza shamba.

Ninapokaa ni kijijini, unashika barabara ya kutoka mji wa Junagadh kwenda Mendarda halafu unakata ndani, nilipanga huku maana hosteli bei zake sikuziweza. Watu hawafiki elfu tatu, na hiyo hesabu ni ya sensa ya 2011, ya 2021 iliahirishwa sababu ya corona. Ukipita mchana milango mingi ina kufuli, vijana wote wako mji wa Surat kwenye viwanda vya kukata almasi, wamebaki wazee na nyati wa maziwa. Diwali, sikukuu yao ya taa, ndo wanarudi kwa mpigo, wiki hiyo hata bomba la kushika kwenye basi hupati. Wenyewe wanakikimbia, we unauza ng'ombe uje uingie.

Sasa usafiri. Wakala atakuonyesha picha ya barabara, na kweli lami ipo, safi kuliko ya kwetu, serikali yao toka mwaka 2000 ina mpango wa kuunganisha vijiji, vya tambarare kuanzia watu 500, milimani na jangwani 250. Lakini lami haibebi mtu! Basi la serikali linaingia asubuhi na jioni, basi. Katikati hapo unasubiri chhakdo, ni kama bajaji ila mbele pikipiki nyuma bodi wazi, unabanwa na magunia ya karanga, linapiga kelele mpaka ukishuka masikio bado yanavuma.

Nikwambie kilichoniuma. Mgeni mwenye visa ya zaidi ya siku 180 anajiandikisha ndani ya siku 14, na mwenye nyumba naye anatakiwa aripoti ndani ya saa 24 kwamba kalaza mgeni. Mwenye nyumba wangu, mzee wa watu, hiyo fomu hakuwahi kuiona. Nikaenda mjini mara ya kwanza, karatasi moja imekosekana, mara ya pili sahihi imekaa vibaya, mara ya tatu wamenimaliza jioni na basi la mwisho limeondoka. Nililala stendi nimekumbatia begi lenye pasipoti, Januari, na baridi ya Januari huku usiku usiidharau. Asubuhi mama akapiga, nikamwambia niko laibrari.

Halafu konda. Siku moja hakuniuliza hata naenda wapi, akanikatia tiketi ya Talala, mji wa mbele huko! Kumbe jirani na Talala kuna kijiji kinaitwa Jambur, wanakaa Wasidi, weusi kama sisi, mababu zao walitoka Afrika zamani sana, wao Kigujarati ndo lugha yao. Nikamwambia mi nashuka kabla, akanijibu maneno mareefu, basi zima likacheka, na mi nikacheka, mpaka leo sijui tulicheka nini.

Kwa hiyo usije. Kweli kabisa, tafuta chuo Dodoma. Ila kama umeshaamua, basi mwambie wakala akutajie kijiji, siyo jimbo, na basi la mwisho kutoka mjini ni saa ngapi, akibabaika mnyime hela. Na usitegemee kibarua, visa ya mwanafunzi hairuhusu kazi. Leta sweta mbili. Ukifika nitakupokea Junagadh, nina godoro la ziada, mzee mwenye nyumba atakupa chai mpaka uchoke, ana roho nzuri yule.

Lakini uje mchana. Na ng'ombe usimuuze kwanza, nipigie.