Mdomo umekwenda upande: fundi wa mishipa asubiri, hospitali isisubiri

Swali: Daktari, mume wangu ana miaka 34, ni dereva wa bodaboda. Jana aliamka mdomo umevutwa kushoto, jicho la kulia halifumbi, akisukutua maji yanamwagika. Mikono na miguu iko sawa. Zahanati wamemchoma sindano za vitamini. Mama mkwe anasema kapigwa na upepo mbaya, na ameleta fundi wa kuchua mishipa anayetaka laki mbili amalize kazi kwa wiki tatu. Tumpe? – Msomaji, Mbeya

Jibu: Dada, msimpe. Mpeleke mumeo leo kwa daktari, kabla hazijapita saa 72 tangu alipoamka hivyo.

Mwambie ainue nyusi. Paji la kulia likibaki laini bila mikunjo, basi ni neva ya uso yenyewe, yaani mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, iliyovimba ikabanwa ndani ya njia yake nyembamba ya mfupa karibu na sikio. Tunauita ugonjwa wa Bell. Lakini paji likikunjika pande zote mbili, au ulimi ukawa mzito, au mkono ukalegea, hicho huenda ni kiharusi, na hapo msingoje hata chai.

Dawa ya Bell ni prednisoloni, inayopunguza uvimbe huo. Vitamini hazichukui nafasi yake. Dozi moja inayotumika sana kwa mtu mzima ni mg 60 kwa siku 5, kisha inapunguzwa mg 10 kila siku. Kwa vidonge vya mg 5, hivyo ni vidonge 12 kwa siku, na watu wengi huogopa wakiviona mkononi. Msinunue wenyewe dukani: kwanza apimwe sukari, presha na VVU, aulizwe habari za vidonda vya tumbo na kifua kikuu. VVU isirukwe, maana uso kupooza huweza kuwa dalili yake ya mapema.

Katika utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 2007, baada ya miezi 9 walipona kabisa asilimia 94 ya waliopewa prednisoloni, na asilimia 82 ya wasiopewa. Itazameni hiyo 82, kwa sababu ndiyo inayowalisha waganga. Wagonjwa wengi hupona hata bila dawa, na wengi huanza kupata nafuu ndani ya wiki tatu, muda uleule aliowatajia fundi. Mwili ukifanya kazi yake, yeye anapokea fedha na sifa, na jirani anayefuata anaelekezwa kwake. Yule ambaye angeokolewa na dawa ya siku ya pili tunampokea mwezi wa nne wa ugonjwa.

Wengine hata upande mgonjwa hawaujui. Wanachua pale mdomo ulipovutwa, kumbe huko ndiko kuzima. Upande uliopooza ni ule uliolala. Mumeo ataumizwa shavu la kushoto wakati ugonjwa uko kulia.

Kinachonikasirisha zaidi ni jicho. Lisilofumba halipangusiwi machozi, kioo chake hukauka, huchubuka, hupata kidonda, na kovu lake halifutiki hata uso ukirudi sawasawa. Halafu anakuja mtu analikamulia majani! Mchana atumie matone ya machozi ya bandia mara kwa mara na avae miwani. Usiku apakwe marhamu ya macho, kope ifumbwe kabisa kisha ishikwe kwa plasta. Msibandike pamba juu ya jicho lililo wazi, italikwaruza. Bodaboda aiache kwanza. Vumbi la barabarani halimfai. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, aonwe siku hiyohiyo.

Na nyote mnaosoma: malengelenge ndani au kando ya sikio pamoja na maumivu makali ni ugonjwa mwingine, wa virusi vya mkanda wa jeshi, unaohitaji pia asiklovia, dawa ya virusi hivyo, mapema. Uso uliopooza polepole kwa wiki kadhaa, au usioonyesha nafuu yoyote baada ya miezi mitatu, unatakiwa kupigwa picha kutafuta uvimbe. Anayewaambia muendelee kuchua kwa miezi yote hiyo anawapotezea muda wa kuugundua.