Kujitawala na kujiamulia

Swali: Katika habari za Palestina nasikia mara "haki ya kujitawala", mara "haki ya kujiamulia mambo yao". Je, maana ni moja?

Jibu: Si moja. "Kujitawala" hutaja hali, yaani watu kuendesha serikali yao, iwe kwa ukamilifu au kwa kiasi. "Kujiamulia", kitenzi cha kauli ya kutendea kinachohitaji yambwa kama mambo au hatima, hutaja haki ya kuichagua hali hiyo, na ndiyo haki inayotangulia katika kifungu cha 1 cha mikataba miwili ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1966.

Kwa Wapalestina tofauti hii ni nzito. Makubaliano ya Oslo ya 1993, kati ya Israel na Chama cha Ukombozi wa Palestina (PLO), yaliweka msingi wa Mamlaka ya Wapalestina, ambayo ilikusudiwa kuwa chombo cha kujitawala kwa kipindi cha mpito cha miaka mitano: ilipewa shule, hospitali na polisi wa mijini, lakini Israel ikabaki na mipaka, anga na takriban asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, yaani Eneo C, na hata ushuru wa forodha wa Mamlaka hiyo hukusanywa na Israel, ambayo mara kadhaa imeuzuia. Mwandishi akisema kwamba wakazi wa Ramallah, mji wa Ukingo wa Magharibi yaliko makao ya Mamlaka hiyo, wanajitawala kwa kiasi, yuko sahihi; akisema wanajiamulia hatima yao, amepotosha. (Wakenya wana neno lao kwa hatua hiyo ya kujitawala kabla ya uhuru kamili: madaraka ya Juni 1963, ambayo hayakuwa bado uhuru wa Desemba. Wao walingoja miezi sita tu.)

Kwa hiyo napendekeza "kujiamulia hatima" kila linapozungumzwa suala la haki, kama katika maoni ya ushauri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Julai 2024, yaliyosema kwamba Israel inawazuia Wapalestina kuitumia haki hiyo. Neno hilohilo litumike kwa Waisraeli pia. Sheria yao ya taifa ya mwaka 2018 inatamka kwamba haki ya kujiamulia kitaifa ndani ya dola la Israel ni ya Wayahudi pekee, na anayeitafsiri hiyo kuwa "kujiamulia" huku haki ya Wapalestina akiiita "kujitawala", amekwisha kuipunguza ya upande mmoja kabla msomaji hajafika kwenye hoja.