Kabla ya Kumwuliza Mzee Habari za Likizo ya Ufukweni Wakati wa Vita

Mama mkwe wangu alizaliwa mwaka 1933 katika mji wa viwanda vya pamba huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, na kumbukumbu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kiangazi cha 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alipopelekwa na mama yake Blackpool kuoga baharini. Siku aliyonisimulia nilimkatiza. Nilikuwa nimekwisha kuandika masimulizi ya baba mkwe, aliyekulia Brighton, mji wa pwani ya kusini, ambaye alinieleza kwamba tangu kiangazi cha 1940 bahari aliiona kwa macho tu, ng'ambo ya seng'enge. Nikamwambia mama kwamba huenda amechanganya miaka. Alinyamaza, na ilipita miezi kabla hajaigusa tena habari hiyo. Wengi wetu tulioolewa Uingereza, au tunaowahudumia wazee wa huko, tunapenda kuwahifadhia watoto masimulizi kama haya, na ninaandika ili mwingine asilirudie kosa langu.

Wote wawili walisema kweli. Ufaransa ilipoanguka mwezi Juni 1940, ilihofiwa kwamba majeshi ya Ujerumani yangevuka bahari, kwa hiyo fukwe nyingi za kusini na mashariki zilizungushiwa seng'enge na kutegwa mabomu, na magati ya starehe, yakiwemo ya Brighton, yalikatwa katikati ili adui asiyatumie kushukia. Blackpool, iliyo upande wa magharibi, ilibaki wazi, ikajaa familia za wafanyakazi wa viwandani, watumishi wa serikali waliohamishiwa huko, na vijana wa jeshi la anga waliokuwa mafunzoni. Hivyo ulizeni kwanza mahali na mwaka, wala msimsahihishe mzee kabla hamjavijua vyote viwili. Hata mwaka peke yake hautoshi, kwani mwezi Aprili 1944, majeshi yalipokuwa yakijiandaa kuvuka kwenda Normandy, huko Ufaransa, wageni walipigwa marufuku tena kuingia katika sehemu kubwa ya pwani ya kusini.

Nilipomrudia mama kwa kumwomba radhi, nilianzia kwenye chakula, na hapo ndipo alipofunguka. Mgawo wa chakula ulianza Januari 1940 kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, na familia iliyokwenda likizo ilibeba vitabu vyake vya mgawo na kumkabidhi mwenye nyumba ya wageni. Mama alilikumbuka kopo la sukari lililobandikwa jina la familia yao, likiwa mezani pamoja na makopo ya familia nyingine, na mama yake akihesabu vijiko kila asubuhi. Kutoka kwenye kopo hilo yakafuata mengine ambayo nisingejua kuyauliza: treni iliyojaa hata wakasafiri wamekalia masanduku, stesheni zilizoondolewa vibao vya majina, mapazia meusi yaliyofungwa kabla taa haijawashwa. Mwishoni, bila mimi kumtaja, akaja baba yake, ambaye likizo hiyo hakuwapo kwa sababu alikuwa jeshini. Ningemwuliza moja kwa moja kuhusu baba yake, nadhani angenijibu kwa sentensi moja.

Msihangaike sana kutafuta picha, kwani filamu ilikuwa adimu miaka ile. Ramani kubwa iliyotandazwa mezani ilitufaa zaidi. Na mzee akisema kwamba likizo yao ilikuwa katika bustani ya mji, msimpite haraka. Serikali iliwahimiza watu kupumzika nyumbani ili treni zibaki kwa kazi za vita, na halmashauri za miji zikaandaa muziki, dansi na michezo ya watoto bustanini. Kwa mtoto wa wakati huo hiyo ilikuwa likizo kamili.

Nilipomaliza kuandika niliwasomea wote wawili masimulizi yao kwa pamoja. Baba mkwe alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza mkewe, baada ya miaka zaidi ya hamsini ya ndoa, kama maji ya Blackpool yalikuwa baridi. Mama akaanza kusimulia upya tangu mwanzo, na safari hii nilikaa kimya nikaandika.