Jehanamu iliumbwa siku gani?

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mtoto mmoja wa kipaimara hapo usharikani kwenu amekubana: kama Mungu aliumba vyote, jehanamu aliiumba siku gani? Usimkwepe, ameuliza vizuri.

Anza na Mwanzo 1. Watoto waorodheshe wenyewe siku kwa siku: nuru, anga, nchi kavu na mimea, jua na mwezi, samaki na ndege, wanyama na mtu. Jehanamu haimo, na aya ya 31 inafunga hesabu kwa "chema sana". (Siku ya pili pekee haielezwi kwamba Mungu aliona ni vyema. Baadhi ya marabi wa kale wakasema basi ndiyo siku jehanamu ilipoumbwa. Wengine wakasema ilitangulia ulimwengu. Watoto watapenda kulisikia hilo, ila sisi halitufungi.)

Mathayo 25 usiikimbilie. Mmoja asome aya ya 34, mwingine ya 41. Ufalme umewekwa tayari "tangu kuumbwa ulimwengu", tena kwa ajili ya watu. Moto umewekewa tayari "Ibilisi na malaika zake". Tangu lini, hakusemwi. Mimi naona jibu liko hapo: moto ni hukumu juu ya uasi, haukuwa shabaha ya uumbaji.

Atatokea wa kusema, basi haikuumbwa kabisa. Mwambie aangalie anakokwenda: kitu kisichoumbwa ni cha milele, na hapo Mungu amepata mwenzake. Wafuasi wa Mani, mwalimu wa kale wa Uajemi, waliamini hivyo, giza na nuru tangu awali, na Agustino, yule mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, alikuwa mmoja wao kabla ya kubatizwa mwaka 387. Baadaye akafundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa, ni upungufu wa wema ndani ya kiumbe chema. Ibilisi mwenyewe aliumbwa malaika mwema.

Katekisimu ya Wakatoliki, namba 1033, inaiita jehanamu hali ya mtu kujitenga mwenyewe na Mungu moja kwa moja. Ungamo letu sisi Walutheri, lile la Augsburg la 1530, kifungu cha 17, linasema adhabu haina mwisho. Habari ya lini iliumbwa halikuigusa.

Kuzimu nayo wataichanganya humo humo. Wafungue Ufunuo 20:14: Kuzimu inatupwa katika ziwa la moto, kwa hiyo haiwezi kuwa ndilo ziwa lenyewe, yaani jehanamu.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako