Muulize Mwalimu: Liyongo hana farasi

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kidato cha tatu kaulizwa kama habari za Fumo Liyongo ni kisasili au kisakale. Nikamwambia kisakale. Yeye anabisha kwamba Liyongo ni sawa na wale mashujaa wa Ulaya wenye deraya, yale mavazi ya chuma ya vita, anaowaangalia kwenye simu. Nani kapatia?
Mama wa Mbagala Rangi Tatu

Marahaba, mama. Umepatia wewe, ingawa mtoto naye kanusa kitu. Kisasili hueleza mambo yalivyoanza: kinyonga katumwa kwa watu na habari ya uzima, kajikokota njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Hicho utakisikia kwa sura mbalimbali mpaka kwa Wazulu. Kisakale kina mtu na mji. Liyongo ana miji yake ya pwani, Pate na Shaka, ana mtawala anayemwogopa kwa kuwa watu wanampenda. Yumo gerezani, chakula kizuri anacholetewa kinaliwa na askari. Mama yake anaoka mkate wa wishwa, wale mabwana wanaudharau, wanamwachia mwenyewe. Ndani mna tupa ya kukatia chuma. Usiku ngoma ya gungu inachezwa, matoazi yanalia, na yeye anakereza minyororo. Mwanao aandike pia kwamba utenzi wa Liyongo ulitungwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913, ila masimulizi yenyewe ni ya zamani zaidi. Ningekuwa bado nasahihisha madaftari, hapo ningempa alama ya ziada.

Sasa hao wa deraya. Hadithi zao zilishamiri Ufaransa karne ya 12, na fundi wa kuzitunga alikuwa mshairi Chrétien de Troyes. Katika kisa chake kimoja, Lancelot, mmoja wa mashujaa hao, anamtafuta malkia Guinevere aliyetekwa. Farasi hana tena. Anakuta mkokoteni wa kubebea wahalifu, na kila aliyeupanda heshima yake ndiyo basi. Kibeti anayeuendesha anamwambia: panda, utapata habari za malkia. Lancelot anasita hatua mbili, halafu anapanda. Baadaye anatambaa juu ya daraja lililo upanga mtupu, mikono na magoti vinachuruzika damu, anapigana mpaka anamfikia malkia, na malkia anamnunia! Kosa lake ni zile hatua mbili. (Kariakoo vijana hurukia mkokoteni bila kusita hata nusu hatua, na sijaona malkia akiwashukuru.)

Hapo ndipo Liyongo anapoachana nao. Shujaa wa deraya hutoka kwa hiari yake kwenda kujipima, na hakimu wake ni mwanamke anayempenda. Liyongo hana nafasi ya kujipima, anawindwa. Ugomvi ni wa utawala, na anayemmaliza ni mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme: sindano ya shaba, kitovuni, baba kalala. Liyongo anajikongoja hadi kisimani, anapiga goti na upinde mkononi, anakata roho vivyo hivyo, na watu wanakaa siku kadhaa wasithubutu kuteka maji. Mimi hapo humwona mkubwa kuliko Lancelot, lakini hayo ni mapenzi yangu.

Farasi na panga za vita tunavyo kwingine. Mwambie atafute Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Pate, wa mwaka 1728. Na akitaka mpanda farasi mwenye mapenzi, amsome Antar wa Waarabu. Mama yake, Zabiba, alikuwa mjakazi Mhabeshi. Baba hakumkubali kuwa mwana mpaka alipoonyesha kazi vitani. Akampenda Abla, binti wa ami yake, na ami akadai mahari ya ngamia wa mfalme Nu'man, akitumaini kijana atafia huko. Wasimulizi wa Cairo walikuwa wakikisoma kisa hicho kwenye mikahawa, usiku baada ya usiku.

Mwalimu, bibi yangu alitusimulia kima aliyetakiwa moyo na papa, akadai ameuacha mtini. Jirani yangu Mhindi anasema hadithi ni ya kwao, ila kwao ni mamba. Nani kamwibia mwenzake?
Kijana wa Temeke

Jirani ana nakala ya zamani zaidi. Imo katika Panchatantra, kitabu cha kale cha hadithi cha Kisanskriti. Ikapita Uajemi, na karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu, kitabu cha Kalila na Dimna, mamba akawa kobe. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliikuta Unguja, akaichapisha mwaka 1870: kima yuko juu ya mkuyu, na mla watu wa pwani, kama ilivyo haki, ni papa. Wizi haupo. Muulize bibi kama baada ya hapo kima humsimulia papa habari za punda wa dobi. Akizijua, mrekodi leo hii.

Mke wangu huanza na "Paukwa!", mimi na "Hadithi hadithi!" Watoto wanachanganyikiwa.
Baba wa Tabata

Hawachanganyikiwi, wanawacheka. Anayesimulia ndiye achague. Ila mkeo akisema "Paukwa!" na watoto wakajibu "Pakawa!", asiukate mkia wake: "Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupita." Shindaneni kuusema kwa pumzi moja. Atakayekwama aoshe vyombo.