Mtoto amevimba, choo kina minyoo: je, ni figo?

SWALI: Mwanangu ana miaka 11, kilo 30. Ni wiki ya tatu sasa anaamka uso umevimba, na jioni miguu. Labo ilikuta ankilostoma na bilharzia ya tumbo kwenye choo. Alikunywa albendazoli, bado anavimba. Minyoo imeingia kwenye figo? – Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, minyoo hiyo haiishi ndani ya figo. Ila inaweza kumvimbisha mtoto kwa njia mbili ambazo matibabu yake hayafanani, kwa hiyo kabla ya dawa nyingine apimwe mkojo. Chukueni ule wa kwanza wa asubuhi, kwenye chupa safi, na uwahishwe labo. Kipimo cha kijiti kitaonyesha kama mkojo una albumini, yaani protini ya damu.

Albumini isipoonekana, shuku ankilostoma. Hung'ang'ania utumbo na kunyonya damu. Damu na protini vikipungua sana, maji hutoka mishipani na kujaa miguuni. Apimwe hemoglobini (wingi wa damu), apewe dawa ya madini ya chuma.

Albumini ikiwa +++ au zaidi, na mkojo unatoa povu lisiloisha upesi, vichujio vya figo vinavuja, na hapo bilharzia inaweza kuhusika. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa inayopeleka damu ya utumbo kwenye ini, na humo ndimo inamomwaga taka zake. Ini lenye afya huzisafisha. Mayai yakishalitia makovu, damu hupita njia za pembeni bila kusafishwa. Taka hushikamana na kinga za mwili na kunasa kwenye vichujio. Kwa hiyo daktari apapase wengu na aombe ekografi (picha ya ultrasaundi) ya ini. Wengu mkubwa peke yake hautoshi kuthibitisha, maana malaria nayo huukuza. Hepatitisi B na VVU pia huvujisha albumini. Vyote vipimwe, pamoja na presha na kreatinini ya damu, inayoonyesha kama figo zinafanya kazi.

Albendazoli haiui bilharzia. Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo: kwake ni 1200, yaani vidonge 2 vya 600, ameze akiwa amekula. Haiui minyoo michanga, kwa hiyo kama bado anaoga mtoni, choo kipimwe tena baada ya wiki 4 hadi 6. Kichujio kilichokwisha kupata kovu hakiponi kwa dawa hiyo. Ndiyo sababu nakuhimiza usichelewe.

Ninachokiogopa zaidi ni mtoto kuanzishiwa prednisoloni, dawa inayotumika figo zinapovuja, kwa sababu tu amevimba. Kuna mnyoo uitwao strongiloidi ambao kipimo cha kawaida cha choo huukosa mara nyingi. Kinga ikishushwa na prednisoloni, huzaana humo humo mwilini, husambaa hadi mapafuni, na huua. Muulize daktari kama labo inaweza kuutafuta kwa njia ya Baermann (kipimo maalumu cha choo), au kama atatoa kwanza ivermektini, dawa ya kuuua. Kama mliwahi kuishi maeneo ya msitu yenye Loa loa (mnyoo wa jicho), mwambie kabla ya ivermektini, kwani wenye vimelea hivyo vingi kwenye damu huweza kudhurika ubongo.

Nyumbani msimpe ibuprofeni, diklofenaki wala dawa za mizizi. Zinaweza kuumiza figo. Punguzeni chumvi. Mkojo ukipungua sana, akipumua kwa shida, akiumwa sana kichwa au akipata degedege, afike hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.